Snapshoti Hii ni ya Saa Ngapi?

Mabishano yanayofuata yanahusu jambo ambalo kila mwandishi wa programu za simu hukutana nalo katika wiki zake za mwanzo: programu inaomba data iliyoko kwenye wingu, jibu bado halijafika, na mstari unaofuata wa msimbo umeshatekelezwa. Sauti ni nne. Fundi ni dada aliyejenga programu za aina hii kwa miaka. Mwanagenzi ni kijana aliyejiunga naye karibuni. Mhasibu ni mzee anayelipa ankara. Karani ni mama anayepima korosho kwenye chama cha msingi kusini mwa Tanzania, na hajaandika msimbo hata siku moja. Wote nimewabuni, na programu yao pia, lakini kiini cha kesi ni halisi: simu ya Android, programu ya Flutter, data kwenye Firestore, kanzidata ya Google iliyotangazwa Oktoba 2017. Karani anaingiza kilo, chama na ghala wanaziona. Nimewaacha waseme, nikiingilia pale niliposhindwa kunyamaza.

MWANAGENZI: Dada, nimeomba hati ya mkulima, nikaitoa data ndani ya snapshoti, ile nakala ya hati inayorudishwa na Firestore, nikaichapa. Inatoka null, yaani hakuna kitu. Hati ipo, nimeiona kwa macho yangu kwenye ukurasa wa usimamizi. Mistari ni mitatu tu, nimeisoma mpaka nimeikariri.

FUNDI: Mstari wa kwanza unafanya nini?

MWANAGENZI: Unaleta snapshoti.

FUNDI: Unaiagiza. Umemtuma mtoto dukani, hajafika hata kona ya kwanza, wewe umeshafunua kapu unatafuta sukari. Ulichopewa na mstari ule ni ahadi kwamba snapshoti itakuja, au kwamba utaambiwa imeshindikana.

MWANAGENZI: Sasa kwa nini lugha isinisimamishe tu? Nikisema leta, ingoje mpaka ilete.

FUNDI: Kanzidata yetu ilifunguliwa Ulaya, eneo la Ubelgiji na Uholanzi, kabla Google haijawa na kituo Johannesburg, na eneo la Firestore likishachaguliwa halibadilishwi. Kutoka Mtwara hadi kule ni zaidi ya kilomita 7,000 hata ukipiga mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni zaidi ya milisekunde 70, kabla mnara wa simu haujachukua sehemu yake. Kichakataji cha gigahetzi 1 hupiga midundo milioni 70 katika muda huo. Na programu yako ina uzi mmoja unaochora skrini na kupokea vidole. Ukiusimamisha, mama anabonyeza na hakuna kinachotokea. Zikipita sekunde 5 Android yenyewe inamwambia kuwa programu haijibu, na inamuuliza kama anataka kuifunga.

MWANAGENZI: Sawa. Nimeweka await, msimbo ungoje jibu bila kuusimamisha uzi, na sasa kilo zinaonekana.

FUNDI: Zinaonekana hapa ofisini.

Niingilie hapa, kwa sababu neno hilo dogo linasifiwa kuliko linavyochunguzwa. Wazo la ahadi katika programu ni la miaka ya 1970. Await yenyewe ilienea baada ya C# kuipokea mwaka 2012, JavaScript ikaifuata rasmi 2017, na Dart, lugha ya Flutter, inayo pia. Kabla yake msimbo ulikuwa vitendakazi ndani ya vitendakazi, kila kimoja kikisogea kulia kidogo hadi skrini inaisha. Fujo ile imeondoka, na sina hamu nayo. Lakini sasa mstari unaosubiri milisekunde 70 na mstari unaosubiri hadi kesho asubuhi ina sura moja, na macho ya mwanagenzi hayana pa kushikia tofauti.

FUNDI: Zima data kwenye simu yako. Ingiza kilo 62 za mkulima yeyote, bonyeza hifadhi.

MWANAGENZI: Kiduara kinazunguka.

FUNDI: Kitazunguka mpaka mtandao urudi. Firestore imeshaandika kilo ndani ya simu, hazijapotea. Lakini ahadi ya kuandika hutimia pale tu seva inapokiri kupokea, na wewe umeweka await juu yake. Maana yake umemwambia mama asipime gunia la pili mpaka Ulaya ijibu.

KARANI: Na foleni nyuma yangu inafika kwenye mkorosho wa barabarani.

MHASIBU: Mtandao hukatika dakika mbili tatu, binti. Tusijenge nyumba nzima kwa ajili ya dakika tatu.

FUNDI: Mzee, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Simu zilikuwa na chaji, minara ilisimama, na data nyingi haikwenda popote. Bahati yetu ilikuwa Mei. Korosho ni Oktoba.

MHASIBU: Hiyo naikumbuka. Endelea.

FUNDI: Basi kwenye kuandika tunaondoa await. Tunaandika, skrini inaendelea, na kilo zinaonekana papo hapo kwa sababu Firestore humwonyesha msikilizaji maandishi ya simu yake mwenyewe kabla hayajatumwa. Na kwenye kusoma tunaacha kuomba snapshoti moja moja. Tunafungua msikilizaji, kila kitu kikibadilika snapshoti mpya inakuja yenyewe.

MHASIBU: Inakuja yenyewe, na ankara inakuja yenyewe. Hawa jamaa wanahesabu kila hati inayosomwa. Bure ni hati 50,000 kwa siku. Tuseme vyama 10, simu 30, hati 400 za siku. Kila simu ikisoma zote mara 5, hizo ni 60,000, na siku haijaisha.

FUNDI: Msikilizaji hasomi zote kila mara, mzee. Zikishafika mara ya kwanza, hutozwa kwa hati mpya au iliyobadilika tu.

MHASIBU: Nimesoma pia mstari wa chini yake. Msikilizaji akikatika zaidi ya dakika 30, anatozwa kama anaanza upya. Katika vijiji vyetu nusu saa ya kukatika ni jambo la kawaida. Mara 5 kwa siku, tumerudi kwenye 60,000 ileile.

Sikutarajia Mhasibu ashinde raundi hii, lakini ameshinda. Sifa kubwa ya msikilizaji, kwamba hulipii ulichokwisha kulipia, inategemea uhusiano usiokatika, na watu wanaoisifu zaidi hukaa penye mtandao usiokatika. Fundi alijibu kwa kubadilisha swali. Simu ya chama kimoja haina sababu ya kusikiliza korosho za vyama tisa vingine. Ikisikiliza hati za chama chake, kama 40, hesabu ileile inashuka hadi 6,000. Na kila skrini inapofungwa, msikilizaji wake afungwe, maana asiyefungwa huendelea kupokea na kutozwa hata kama hakuna anayetazama. Mhasibu alikubali kwa kuguna. Kwa upande wangu pesa ni sehemu nyepesi ya mjadala huu. Sehemu nzito aliileta Karani.

KARANI: Mimi naomba kuuliza kitu kimoja, mnisamehe kama ni cha kijinga. Jana alikuja mzee mmoja, akaniambia aliacha magunia matatu Jumatatu kwa karani mwenzangu, nimtazamie. Nikafungua simu. Orodha tupu. Nikamwambia baba, huna kitu humu. Akaniangalia vile ambavyo sitaki kuangaliwa tena. Jioni nafungua, magunia yake matatu hayo hapo.

MWANAGENZI: Mama, labda mtandao ulikuwa...

KARANI: Mtandao najua haukuwepo, mwanangu. Nauliza kwa nini simu haikusema haijui. Imesema hana.

FUNDI: Swali si la kijinga, mama. Ndilo swali lenyewe. Ukiomba hati moja kwa jina lake, simu haina mtandao na hati haimo kwenye akiba yake, Firestore hurudisha kosa, na kosa unaliona. Lakini ukiuliza orodha, yaani nipe zote za mkulima fulani, hairudishi kosa. Inatafuta kwenye akiba ya simu, haikuti kitu, na inakupa snapshoti halali kabisa yenye hati sifuri.

MWANAGENZI: Snapshoti hiyohiyo ingekuja kama mkulima kweli hana kitu?

FUNDI: Hiyohiyo, isipokuwa alama moja pembeni, isFromCache. Ikiwa kweli, snapshoti imetoka kwenye akiba. Ikiwa si kweli, seva imeithibitisha. Wewe umeisoma alama hiyo mahali popote?

MWANAGENZI: Hapana. Nimesoma orodha, nikaangalia kama ni tupu.

FUNDI: Basi wewe ndiye uliyemwambia mzee yule hana kitu.

Maneno makali, lakini sidhani yamezidi. Asinkroni hufundishwa kama suala la kungoja: jibu halijafika, fanya kazi nyingine, likifika utaitwa. Ungojaji ndio sehemu inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayotatuliwa, na akiba ya ndani ya simu huutatua vizuri sana. Skrini haikwami kamwe. Ila kilichoondolewa kwenye skrini hakijaondoka duniani. Zile milisekunde 70, au zile saa za waya uliokatika, bado zipo kati ya simu na seva. Zimehamishwa tu kutoka kwenye kiduara kinachozunguka, ambacho angalau kilisema ukweli, hadi kwenye orodha safi inayosoma kama habari ya sasa hivi. Snapshoti haibadiliki ikishatoka. Ni kauli juu ya dakika fulani iliyopita, na programu inayoionyesha bila kutaja dakika hiyo imemnyima Karani kitu pekee alichokihitaji ili amjibu mzee wa watu.

MWANAGENZI: Basi naongeza maandishi juu ya orodha. Kama imetoka kwenye akiba, iandike "bado haijathibitishwa". Ikithibitishwa yaondoke.

FUNDI: Jaribu, yataganda. Msikilizaji wa kawaida haitwi kama data haijabadilika. Akiba ikisema magunia matatu na seva nayo ikasema matatu, kilichobadilika ni alama tu, na wewe huambiwi. Mama ataona "haijathibitishwa" kutwa nzima huku seva imethibitisha tangu asubuhi. Inabidi umwambie msikilizaji wazi kwamba unataka na mabadiliko ya alama, includeMetadataChanges.

MHASIBU: Hayo nayo yanatozwa?

FUNDI: Hapana, mzee. Hati ni zilezile.

KARANI: Naomba isiandike haijathibitishwa. Mkulima akisoma neno hilo atadhani nimemuibia. Kesho utamkuta kwa walanguzi wa kangomba, anauza kwa bei ya hasara lakini pesa mkononi. Iandike saa. "Hadi saa 4 na dakika 10." Saa kila mtu anaielewa.

MWANAGENZI: Firestore haitupi saa ya kuthibitishwa, mama. Inatupa ndiyo au hapana.

FUNDI: Tutaiweka sisi. Kila snapshoti inayofika ikiwa imethibitishwa na seva, andika saa ya simu pembeni. Ikifika ya akiba, onyesha saa ya mwisho uliyoiandika. Na kama hakuna saa yoyote iliyoandikwa na orodha ni tupu, usionyeshe orodha. Onyesha sentensi: simu hii bado haijapata taarifa za mkulima huyu.

Nilidhani tumemaliza. Kusoma kumepata umri, kuandika hakukwamishi foleni. Mwanagenzi, ambaye tangu aguswe alikuwa amenyamaza akipekua, ndiye aliyefungua tena.

MWANAGENZI: Dada, tumeondoa await kwenye kuandika. Je, seva ikikataa?

FUNDI: Ikatae kwa nini?

MWANAGENZI: Kanuni za usalama ziko kwenye seva, si kwenye simu. Tuliweka kanuni kwamba mizani isipokelewe baada ya chama kufunga awamu ya mnada. Mama hana mtandao tangu asubuhi. Chama kimefunga saa 8. Saa 9 mama anapima kilo 62, simu inazionyesha, anamwandikia mkulima stakabadhi, mkulima anaondoka. Saa 12 mtandao unarudi, seva inakataa.

FUNDI: Firestore inairudisha data ya simu ilivyokuwa. Msikilizaji anapata snapshoti mpya ambayo zile kilo hazimo.

KARANI: Zinafutika? Nami nimeshatia saini?

FUNDI: Zinatoweka kwenye skrini, mama. Na ile ahadi ya kuandika inarudisha kosa, ambalo tungelikamata tukakujulisha.

MWANAGENZI: Kama programu bado iko wazi. Mama akizima simu saa 10 na kuiwasha saa 12, maandishi yaliyokuwa yakingoja yanatumwa, kwa sababu yamehifadhiwa kwenye simu. Lakini ahadi ilikufa na programu. Kosa linarudi na hakuna mstari wowote wa msimbo unaolingoja. Nimejaribu sasa hivi, nimeandika, nimeua programu, nimewasha. Kilo zilionekana, zikatoweka. Kimya.

Msomaji aniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu mafunzo mengi huishia kabla ya kufika. Jibu la asinkroni lina pande mbili, anayejibu na anayeuliza, na sisi huhangaika na anayejibu tu: atachelewa, hatapatikana, tumsubiri vipi. Mwanagenzi ametuonyesha kesi ambamo anayejibu amejibu sawasawa, na aliyeuliza hayupo tena. Hakuna hitilafu iliyotokea. Kila kipande kimefanya kazi yake kama kilivyoandikiwa, na mkulima ana karatasi ya kilo 62 ambazo hazipo popote duniani isipokuwa kwenye karatasi hiyo na, kama bado hazijabebwa, ndani ya gunia.

FUNDI: Tunaweka kidaftari. Faili ndogo ndani ya simu, nje ya Firestore kabisa. Kabla ya kuandika Firestore, namba ya stakabadhi na kilo zinaingia kwenye kidaftari. Seva ikithibitisha, tunaweka tiki. Programu ikiwashwa inapitia zisizo na tiki na kuziulizia seva moja moja. Isiyopatikana, mama anaiona kwa rangi nyekundu.

MHASIBU: Binti, umeeleza vizuri jinsi ya kumjulisha mama kwamba tumemkataa. Mimi nauliza ni nani alikupa ruhusa ya kukataa. Stakabadhi ikishatiwa saini, chama kinadaiwa. Kilo zimepimwa, korosho ziko ghalani. Seva ya Ulaya ikisema haiwezekani, deni haliondoki. Kitakachoondoka ni kumbukumbu yake.

FUNDI: Lakini awamu imefungwa, mzee. Zikipokelewa zitaingia kwenye mnada ambao umeshafanyika.

MHASIBU: Zisiingie kwenye mnada huo. Zipokelewe, ziwekewe alama kwamba zimefika nje ya awamu, niamue mimi na mwenyekiti ziende wapi. Kukataa kuandika kitu kilichotokea, katika kazi yangu, kuna jina, na si jina zuri.

Fundi alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyomzoea. Alichoulizwa kinavunja mazoea ya miaka: kanuni kali kwenye seva ndiyo ngao, na kila mwongozo unahimiza zikazwe. Mimi naona Mhasibu yuko sahihi, ingawa sababu yake ni ya vitabu vya hesabu na yangu ni ya umbali. Kukataa kuna maana pale ambapo anayekataliwa bado yuko mlangoni. Kanuni inayotekelezwa saa tatu baada ya tendo, na kilomita maelfu kutoka lilipofanyika, haizuii chochote; inachelewa tu kusema.

FUNDI: Basi tugawe. Seva ikatae mgeni: simu isiyosajiliwa, akaunti iliyofungwa, mtu anayeandikia chama kisicho chake. Mambo ya biashara, awamu, kiwango cha unyevu, uzito wa kutia shaka, yote yapokelewe na kuwekewa dosari.

MHASIBU: Na jumla? Mkulima akiuliza jumla yake ya msimu naye hana mtandao?

MWANAGENZI: Firestore inaweza kujumlisha yenyewe kwenye seva, kwa bei ndogo. Ila hesabu hiyo haigusi akiba. Bila mtandao haipo.

FUNDI: Tutaweka jumla kwenye hati ya mkulima na kuiongeza kila mizani. Si kwa muamala, maana muamala bila mtandao hushindwa. Kuna amri ya kuongeza, unaiambia seva ongeza 62 badala ya andika 310. Makarani wawili wakiongeza kila mmoja gizani, zikifika zote zinahesabiwa. Na tunaifunga pamoja na hati ya mizani kwenye kifurushi kimoja, ziingie zote au isiingie hata moja. Kifurushi kinakubali kungoja mtandao.

MHASIBU: Mizani yenyewe ibaki pia. Jumla isiyo na mistari yake siisaini.

FUNDI: Inabaki, mzee.

KARANI: Na hizo dosari, ziandikwe kwa Kiswahili. Mwaka jana ilinitokea sentensi nyekundu ya Kizungu, nikaifunga nikidhani ni tangazo.

MWANAGENZI: Hiyo ilikuwa ni seva kukukatalia, mama. Unakumbuka ilikuwa mkulima gani?

KARANI: Nitakumbuka vipi? Lakini vishina vya stakabadhi ninavyo vyote nyumbani, kwenye sanduku.

MHASIBU: Viletwe. Kijana, wewe utakaa na mama mvilinganishe na kanzidata, kimoja kimoja, kabla hujagusa msimbo.